Mpeleka Sahani Aliyeunda Serikali

Mimi ndiye niliyeondoa makawa juu ya sahani. Nalisema mapema, kabla hamjalisikia kwa watu wa juu ya kichochoro, maana wao hulieleza kwa namna ambayo hata mimi hujichukia. Jioni moja ya Ramadhani iliyopita, watoto wote wa mtaa wakiwa wamenizunguka na mama zao wakiwa madirishani, nilizifunua sahani za majirani moja baada ya nyingine kama dalali wa mnada, huku natangaza kilichomo. Watu walicheka. Nilipoifikia sahani ya Bi Rukia nikatia na mzaha. Wakacheka zaidi. Huo ndio uliokuwa mzaha wangu wa mwisho kazini.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mtakaoishika kazi Ramadhani ijayo: wewe Abuu, wewe Salma, na mmoja wa wale pacha, yule asiyemwaga vitu. Mimi nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, sina kiinua mgongo, na kidole gumba cha kulia bado kina alama ya uji wa moto. Lakini ujuzi ninao, na mama husema kitu kizuri usipokigawa huoza, ingawa siku aliyosema hivyo alikuwa akizungumzia mapapai.

Kwa yeyote asiye wa mtaa wetu, kazi yenyewe ni hii. Mwezi wa Ramadhani, kati ya alasiri na magharibi, kila nyumba ya kichochoro chetu hapa Mji wa Kale hupika zaidi ya inavyoweza kula. Kilichozidi hutiwa kwenye sahani, hufunikwa kwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka kama kofia ya mganga, na hupewa mtoto akipeleke nyumba ya pili. Nyumba ya pili hutoa kilichomo, huosha sahani, hutia cha kwao, hurudisha. Sahani hairudi tupu. Ukiona imerudi tupu, ujue kuna posa iliyovunjika au mbuzi aliyeibwa. Mpaka muadhini anaposhika kipaza sauti, kila mkeka una chakula cha nyumba nyingine, na hakuna aliyehesabu. Anayeyafanya yote haya yatokee ni mtoto mwenye kanzu fupi na njaa ndefu.

Sikilizeni ya mikono kwanza. Sahani hubebwa kwa viganja, haibebwi kwa vidole. Kidole kikiingia kwenye rojo usikirambe, umefunga. Ngazi za nyumba za kale zina giza na vidato vyake havilingani, basi panda kiubavu, bega likigusa ukuta. Ukuta haujawahi kumdanganya mtu. Paka wa kichochoroni humfuata mwenye samaki, hana haja na mwenye kaimati za sukari, kwa hivyo ukitaka amani mtangulize mwenzako mwenye samaki. Na salamu usiikimbize. Bi mkubwa akikuuliza hali ya mamako, na ya babako, na ya nyanyako aliye Lamu, mjibu zote, hata kama sahani inakuunguza. Mimi niliwahi kumjibu mtu hali za shangazi zangu wote huku machozi yananitoka, akadhani kuna aliyefariki, akaanza kunipa pole.

Mwaka wangu wa kwanza nilikosea mlango. Kulikuwa na nyumba mbili zilizotazamana ambazo hazikuwa zikisemezana tangu kabla sijazaliwa, kwa sababu ya mfereji wa maji ya mvua. Nyumba moja ilinipa bakuli la tambi za sukari nilipeleke kwingine kabisa, nikaingia nalo ile ya pili, nyumba ya adui. Waliponiuliza limetoka wapi nikasema ukweli. Mwenye nyumba alilitazama lile bakuli kama linaloweza kulipuka. Lakini sahani hairudi tupu, hata ya adui, basi akalijaza mkate wa sinia, na mimi nikalirudisha kwa mtu aliyekuwa hajui kwamba alikuwa ametoa. Mwezi ulipoandama walikuwa wanapeana habari za mfereji dirisha kwa dirisha. Nilipigwa kwa kukosea, na nikapewa soda kwa kukosea. Hiyo ndiyo kazi.

Kubwa kuliko yote ni alilonifundisha binamu yangu Swaleh siku aliponikabidhi kazi: kilichomo ndani ya kawa hukijui. Umekitazama, umekinusa njia nzima, lakini hukijui. Nikamuuliza, je, mtu akiniuliza? Swaleh akanifinya sikio.

"Mwambie wewe ni punda. Punda haulizwi mzigo."

Leo Swaleh ni karani kwa wakala mmoja wa mizigo huko Kilindini, na kutwa nzima anaulizwa mzigo.

Kazi hii ina umri wa kustaafu, nao hauwekwi na wizara, huwekwa na koo lako. Mtoto hupita mlango wowote. Bibi akiwa kichwa wazi anasukwa nywele, akina dada wakiwa na kanga moja jikoni, mtoto huingia tu, huagizwa chumvi, hutiliwa katlesi mfukoni ale baada ya adhana, huambiwa siri asizozielewa. Siku sauti inapovunjika, basi. Unasimama nje na kubisha hodi kama mtu wa kusoma mita ya stima, na mlango hufunguliwa upana wa sahani. Hakuna anayekufukuza. Mlango wenyewe hujua.

Yangu ilianza kuvunjika mwezi wa Shaabani. Niliificha. Nilijibu salamu kwa kukohoa. Nilijaribu kuongea kwa puani, mama akaninywesha tangawizi na pilipili manga siku tatu mfululizo. Nilijua Ramadhani ile ndiyo yangu ya mwisho kama sitabuni jambo. Na jambo nikalipata darasani, mahali ambapo kwa kawaida sipati kitu.

Mwalimu Kazungu hutufundisha historia. Ni mtu wa Rabai, mrefu, hufundisha mikono ikiwa mfukoni. Alikuwa akitueleza Marekani ilipokuwa changa. Kila jimbo lilikuwa na mambo yake: Kaskazini walikuwa na merikebu, karakana na mabenki, Kusini walikuwa na mashamba ya tumbaku na pamba, na upande wa magharibi kulikuwa na wakulima wa nafaka waliotaka barabara tu. Hapo mwanzo serikali yao ya pamoja haikuwa na meno. Ikitaka fedha iliomba, na majimbo yakijisikia yalitoa, yasipojisikia hayakutoa, na yenyewe kwa yenyewe yalitozana ushuru mipakani kama watu wasiojuana. Baadaye wakakaa wakaandika katiba mpya. Serikali kuu ikapewa nguvu ya kutoza ushuru bandarini, ikajitwika madeni ya vita ya majimbo, ikafungua benki, na miaka ikienda ikawa inanenepa. Ushuru wa bidhaa za ng'ambo uliwafurahisha wenye viwanda wa Kaskazini kwa sababu uliwakinga. Kusini walinung'unika kwa sababu wao ndio walionunua bidhaa hizo kwa bei ya juu. Jimbo moja lilifikia kusema kwamba sheria hiyo kwao haifanyi kazi.

Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilikuwa nimekaa wima, maana mwalimu alikuwa anakieleza kichochoro chetu.

Kaskazini ni Juu, karibu na barabara ya maduka, kwa kina Maasi Shirin. Wazee wake walitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, ambako maasi ni mama mdogo, na wao ni watu wa duka. Wana mitungi ya gesi, friza, na mashine ya kusaga nyama. Huko hutoka sambusa, katlesi na kachori. Kusini ni Chini, kuelekea bandari ya kale, ambako nyumba zina majiko ya makaa na mbuzi za kukunia nazi. Huko hutoka mbaazi, muhogo wa nazi, ndizi na mkate wa kumimina. Juu hawajui kukuna nazi, Chini hawana friza. Na katikati kabisa, penye baraza pana la mawe, ni kwetu. Nikaona wazi kwamba Mungu alikuwa ametuweka hapo tuwe serikali kuu.

Nilimweleza mama: badala ya sahani kuzunguka mlango kwa mlango, zije zote barazani kwetu, kwenye meza moja, tuzigawe pale, na kila nyumba itume mtu achukue fungu lake. Vitu havitapoa wala kumwagika. Sikumwambia kwamba afisa wa meza haingii nyumba ya mtu, na asiyeingia nyumba ya mtu anaweza kuwa na sauti yoyote. Mama alinitazama, akalitazama baraza lake, akasema meza ya kukunja iko darini, niifute vumbi.

Siku za kwanza, wallahi, ilipendeza. Mama alitandika kitambaa cha maua. Maasi Shirin alitusifu kwa Kiswahili, kisha kwa Kikachi, ndipo nikajua ametusifu kweli. Watoto walikaa wakacheza, na kila aliyepita alisimama kumwamkia mama.

Lakini serikali ikishakaa barazani huanza kuona makosa. Niliona kaimati zimeletwa na nyumba kadhaa jioni moja, nikatoa amri: kaimati ni nyumba moja tu. Kisha Maasi Shirin akanivuta kando, kwa upole, akaniuliza kama ni haki sambusa yake ya nyama ibadilishwe kwa muhogo. Mimi sikuwahi kufikiria kwamba sambusa inabadilishwa kwa kitu. Zamani ilikuwa inakwenda tu. Lakini afisa hakosi jibu. Nikaamua sambusa moja ni sawa na vipande viwili vya muhogo. Habari zilipofika Chini, mama yao wale pacha alipanda na mwiko mkononi.

"Mwambie Maasi wako," akaniambia, "nazi haijikuni yenyewe."

Nikamjibu kwamba sheria ni sheria. Kesho yake Chini waliweka meza yao wenyewe kwenye vidato vya mwisho wa kichochoro, mbaazi zote zikabaki huko. Juu wakafuturu kwa vitu vikavu, na walionekana kwenye tarawehe wakipiga kwikwi.

Nikaenda kusuluhisha. Suluhu yangu ilikuwa hii: sahani zote zifunuliwe mezani. Watu wakiona kwa macho nani ameleta nini, hakuna atakayedai kuonewa. Chini wakakubali kurudi mezani kujaribu. Mama alikuwa amesimama mlangoni kwetu nilipokuwa naitangaza amri hiyo. Alikivuta kitambaa cha maua kikae sawa, akaingia ndani.

Sasa niwaeleze Bi Rukia. Aliishi Chini, nyumba ya mwisho, ghorofani, peke yake. Mumewe alifariki zamani. Mwanawe anakaa Ganjoni, kwenye zile flati, na kila Idi humsihi mamake ahamie kwake. Kila Idi Bi Rukia alikuwa na jibu moja: yeye akiondoka, majirani zake watapelekewa sahani na nani? Kawa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya mtaani, la ukili wa zambarau na manjano, amelisuka mwenyewe. Na ndani yake kulikuwa na vibibi viwili, vile vikate vidogo vya mchele na nazi. Au kipande kimoja cha mkate wa kumimina, chembamba mpaka unaona maua ya sahani. Kila siku alituma nyumba moja tu, leo hii, kesho ile, kwa zamu aliyoijua yeye. Nyumba iliyopata ilisema, Bi Rukia ametukumbuka, ikala kwa bismillahi, ikamjazia sahani. Hakuna aliyejua kwamba ndicho pekee alichokuwa nacho; kila nyumba ilidhani na zingine zimepata. Mimi nilijua. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa punda hodari.

Jioni ile nilianza na za Juu. Nilinadi sambusa kama ng'ombe. Nikaja za Chini, nikanadi mbaazi. Nikafika kwenye kawa la zambarau, nikaliinua juu kwa mikono miwili, watoto wakanyoosha shingo. Vibibi viwili, kwa mtaa mzima. Nikasema, kwa sauti yangu mpya, nzito, ambayo siku hiyo ilitoka bila kukwaruza hata mara moja:

"Jamani, leo tumeletewa kawa, na vibibi viwili vya kulisindikiza."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaona wale wa madirishani hawacheki tena, wanatazama nyuma yangu. Bi Rukia alikuwa amesimama pale ndani ya buibui lake. Siku hiyo alikuwa ameileta sahani mwenyewe, kwa kuwa mpelekaji wake alikuwa amepanda cheo. Alingoja nilirudishe kawa mahali pake, nikalirudisha. Akatutakia sote Ramadhani njema, akashuka.

Kesho yake sahani yake haikuja. Mama alimpangia ya kwetu kwa mkono wake, sambusa, mbaazi, ndizi, kila kitu cha kila nyumba, akamtuma Abuu. Abuu alirudi nayo kabla ya adhana. Aliibeba vizuri, kwa viganja, kama nilivyomfundisha. Ilikuwa imejaa vile vile. Bi Rukia alimwagiza maneno, na Abuu, ambaye hajui kuyapunguza makali maneno ya watu, akayatoa yote mbele yetu.

"Amesema, mwambie mamako mimi ni jirani. Sijawa mahali pa kutolea sadaka."

Sahani kurudi tupu ni ugomvi, na ugomvi una mapatano. Sahani kurudi kama ilivyokwenda, hiyo nilikuwa sijaiona. Mama aliipokea, akaiweka, na kwetu usiku ule hakuna aliyeigusa.

Nilimwendea Mwalimu Kazungu, nikamsimulia yote kana kwamba yalimpata rafiki yangu. Nilitaka aniambie serikali kama hiyo hutengenezwa vipi. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kule Marekani waheshimiwa walibishana sana, Kaskazini na Kusini, nani abebe nini na nani apate nini. "Lakini ile tumbaku waliyoibishania, na baadaye ile pamba, waliozilima walikuwa watumwa. Hakuna hata mmoja aliyepewa kiti. Walihesabiwa tu, tena watano kama watatu, ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni." Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayeeleza habari za kwao Rabai, walikokimbilia watumwa wa pwani. Kisha akaniuliza huyo rafiki yangu ana mpango gani.

Mpango niliokuwa nao ulikuwa mmoja. Niliikunja meza nikairudisha darini. Hivyo ndivyo serikali yangu ilivyoanguka, na hakuna aliyeililia. Siku hiyo hiyo makawa yakaanza tena kupita, Abuu akikimbia na Salma akimkemea asikimbie. Mama yao pacha akampelekea Maasi Shirin mbaazi, na Maasi Shirin akarudisha sambusa bila kuuliza ni ngapi kwa ngapi. Mimi nikapanda kwa Bi Rukia.

Sikuwa nimewahi kuona kwamba mlango wake una komeo, kwa sababu sikuwahi kusimama mbele yake. Nikabisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Bi Rukia. Masalkheri. Faizi."

"Faizi gani?"

"Wa sahani."

"Yule ni mtoto," akasema kutoka ndani. "Hii ni sauti ya mwanamume. Ngoja nijitande."

Nikangoja. Mlango ukafunguliwa kidogo, nikamwona jicho na ukingo wa mtandio. Nikamweleza kwamba meza nimeivunja, makawa yamerudi, na nimekuja kuchukua sahani yake ya leo, nitaipeleka nyumba yoyote atakayo, hata ikinibidi kusimama nje ya kila mlango. Nikamwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa nayo.

"Meza umeivunja, mwanangu," akasema. "Na vibibi vyangu je? Watu wameshaviona."

Kisha akaniuliza hali ya mama, na ya baba, na ya nyanya aliye Lamu. Nilimjibu zote. Mlango ukafungwa polepole.

Baada ya Idi mwanawe alikuja na pikapu. Safari hii hakuhitaji kumsihi. Nilisaidia kushusha kitanda, godoro na majiko. Bi Rukia alikaa mbele na dereva, akatupungia mkono wote sawasawa, mimi na wengine.

Mtaniuliza nakumbuka nini zaidi, nanyi mnadhani nitasema sambusa. Sivyo. Naukumbuka ule muda mfupi wa kuingia kutoka kwenye jua, macho hayajazoea kiza cha ukumbi, na sauti ya mtu ambaye bado hujamwona inakuita jikoni kana kwamba ulikuwa unangojwa. Iliki na moshi. Mtu anakwambia shika hiki, kaa hapa, nyamaza kwanza nimalize kumsema shemeji yangu. Nilikuwa na majiko ya mtaa mzima. Sasa nina moja tu, la kwetu, na humo nako naambiwa nimekuwa mrefu, naziba mwanga. Nikipita chini ya dirisha la Bi Rukia huwa natembea pembeni, bega likigusa ukuta, ingawa mikononi sina kitu. Wamepanga watu wengine hapo. Ni wapole. Ramadhani ijayo wapelekeeni nyinyi, kwa sababu mimi sijui hata ukumbi wao uko upande gani.

Ganjoni nayo si mbali, ni tuktuk moja. Miezi yote hii nimekuwa nikisema nitakwenda wiki ijayo. Jana nilimwambia mama nimeamua: naenda kumwomba Bi Rukia radhi tena, naenda peke yangu, kwa sababu kosa ni langu peke yangu. Mama alikuwa anachagua mchele kwenye uteo. Hakuinua kichwa. Aliokota kijiwe, akakitupa, akasema:

"Ngoja nivae buibui twende sote. Wewe ulifunua. Mimi nilikuona ukielekea huko, nikanyamaza, kwa sababu meza ilikuwa mlangoni kwetu na nilipenda kuamkiwa."